Mto wa Kulalia na Mto Unaopanda: Barua ya Wazi kwa Wauza Dawa wa Lumemo na Ifakara

Kwa wauza dawa wote wa kata ya Lumemo na mji wa Ifakara.
Nakala: Mganga Mkuu, Halmashauri ya Mji wa Ifakara.

Ndugu zangu,

Mimi ni mkazi wa Lumemo, mkulima wa mpunga, na ni mtoto wa mama aliyenusurika kufa maji akiwa kitandani kwake.

Tabia ya mto wetu mnaijua. Mvua inanyesha juu Udzungwa, huku bondeni hatuna habari, kisha usiku wa manane maji yanapanda na kuingia majumbani bila kubisha hodi. Usiku huo wa masika mimi nilikuwa shambani, nimelala dunguni kulinda mpunga dhidi ya nguruwe. Nyumbani alikuwapo mama na mjukuu wake wa miaka tisa. Majirani walianza kugonga madebe na masufuria, watu wakabeba watoto mgongoni, mbuzi wakafunguliwa kamba. Mtoto aliamka, akashusha miguu, akakanyaga maji. Akamwita bibi yake. Akamtikisa. Akamvuta mkono. Bibi alifumbua macho, akasema maneno yasiyoeleweka, akageukia ukutani akaendelea kulala. Wanaume wawili wa jirani ndio waliombeba pamoja na godoro lake hadi barabarani. Kulipokucha aliniuliza ni nani aliyemleta pale.

Maji yalipopungua nikarudi kusafisha chumba. Ndani ya foronya ya mto wake, kwenye kijimfuko cha nailoni, nilikuta kipande cha pakiti ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi. Vidonge vinne vilikuwa vimebaki. Hakikuwa na jina la dawa wala tarehe ya mwisho wa matumizi, na hapakuwa na bahasha wala mwandiko wa mtu. Lugha yetu imetupa neno moja kwa vitu viwili: mto tunaolalia na mto unaopita. Usiku ule mito hiyo miwili ilikutana ndani ya nyumba yangu, na kilichoikutanisha ni kidonge kilichouzwa bila neno hata moja.

Duka lenyewe silitaji. Siandiki kushitaki mtu. Naandika kwa sababu nimekuja kuelewa kwamba kati ya daktari anayeandika cheti na mgonjwa anayemeza kidonge, mtu wa mwisho kusimama ni ninyi. Baada ya dirisha lenu hakuna mwingine wa kuuliza. Ndiyo maana sisi huku mtaani hatuwaiti wauzaji. Tunawaita dokta. Jina hilo hamkupewa chuoni, mlipewa na watu wenye imani nanyi, na lina uzito wake.

Niwaeleze jinsi ilivyoanza. Baba alipofariki, mama alikosa usingizi. Wiki ya tatu tukampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza, akamwandikia diazepamu ya siku saba, kidonge kimoja usiku, akamwambia arudi akimaliza. Hadi hapo hakuna kosa. Msiba unaumiza, na dawa ya muda mfupi inaweza kumpa mtu nafasi ya kupumua. Lakini mama hakurudi hospitali. Foleni ni ndefu, nauli ni pesa, na dirisha la dawa liko hatua chache kutoka nyumbani. Akaenda akasema, "Naomba zile za usingizi." Akapewa. Wiki iliyofuata akapewa tena. Mwezi wa pili kidonge kimoja hakikutosha, akaongeza cha pili. Ikaendelea hivyo miezi kumi, na katika miezi hiyo yote hakuna aliyemuuliza swali.

Dawa yenyewe ina historia inayopita karibu na kwetu. Mji wa Basel huko Uswisi tunaujua Ifakara, maana ndiko alikotoka Profesa Rudolf Geigy, aliyeanzisha hapa katika miaka ya 1950 maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika mji huohuo ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya Roche, iliyoiingiza diazepamu sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Watu wengi mpaka leo wanaiita kwa jina hilo. Ilipokelewa kwa furaha kwa sababu ilikuwa salama kuliko dawa za usingizi zilizoitangulia, ambazo kuzidisha kidogo tu kulitosha kumuua mtu. Na ina kazi za heshima. Mtoto anapodegedeka kwa malaria kali, diazepamu inaweza kuukata mtikisiko. Anayeacha pombe akatetemeka vibaya, hospitali inaweza kumtuliza kwayo. Kwa hiyo sisemi dawa hii ni sumu. Nasema ni dawa ya cheti, na cheti kina sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kwamba haitoki mwilini kulipokucha. Mtu aliyemeza diazepamu usiku, baada ya siku nzima, pengine siku mbili, nusu yake bado iko ndani, na mabaki yanayotokana nayo yanakaa zaidi ya hapo. Kwa mzee yanakawia zaidi. Sisi wakulima wa mpunga tunaelewa jambo hili bila mchoro. Jaruba lisilotoa maji vizuri, ukiliongezea maji kila siku, siku moja kingo zinazidiwa. Mama alikuwa akimeza kila usiku juu ya mabaki ya jana na juzi. Mchana alikuwa anayumba, anasahau sufuria jikoni, na sisi tukasema ni uzee na majonzi. Mara mbili alianguka akienda msalani. Mzee akianguka akavunjika nyonga, familia nzima imeanguka naye. Ndiyo maana miongozo ya matibabu ya wazee inawahimiza madaktari waepuke kuwapa wazee dawa za kundi hili kwa ajili ya usingizi.

Sababu ya pili ni kwamba mwili unaizoea. Kwa usingizi, dawa za aina hii zimekusudiwa kutumika kwa siku chache, na wiki mbili hadi nne ndiyo mipaka inayotajwa na miongozo mingi. Zaidi ya hapo mwili unadai nyongeza, na ukinyimwa unalipiza. Mwezi Septemba 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kuliko yote liandikwe kwenye dawa zote za kundi la diazepamu, likitaja matumizi mabaya, uraibu, na hatari ya kuacha ghafla. Hapa kwetu zinaingia katika zile tunazoziita dawa tiba zenye asili ya kulevya, na zimo pia kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaosimamia dawa zinazoathiri akili.

Hilo la kuacha ghafla nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Siku nilipokuta kile kipande cha pakiti nilikasirika, nikakitupa chooni, nikamwambia mama, "Kuanzia leo basi." Siku za kwanza hakulala kabisa. Kisha akaanza kutoka jasho, mikono ikitetemeka, akishtuka kwa kila sauti. Siku ya sita alipatwa na degedege mbele ya wajukuu. Mimi, niliyedhani namwokoa, nilikaribia kumuua.

Nilipaswa kujua, kwa sababu bonde hili lina somo hilo tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, na fenobabitoni ikawa mojawapo ya dawa za kutegemewa. Fenobabitoni ni dawa ya kifafa, lakini nayo ina asili ya kuleta usingizi, na enzi zake ilitumika hivyo duniani kote. Familia zenye mgonjwa wa kifafa, kuanzia Ulanga hadi Kilombero, zinaijua kanuni yake: dozi haikatwi ghafla, maana degedege itarudi kwa hasira. Hakuna bibi wa Mahenge anayehitaji kuambiwa hivyo. Lakini nani alimwambia mama yangu kwamba kidonge chake kidogo kina kanuni ileile?

Sababu ya tatu ni dawa hii inapokutana na nyingine. Ikikutana na pombe, iwe bia, komoni au gongo, pumzi inapungua, na aliyelala anaweza asiamke. Vivyo hivyo ikikutana na tramadoli au kodeini za maumivu. Ikikutana na piritoni ya mafua au amitriptilini, usingizi unazidishwa juu ya usingizi. Mwenye pumu, kikohozi cha kudumu au mapafu yaliyochakazwa na sigara na moshi wa kuni yuko karibu zaidi na hatari. Mjamzito anayeitumia siku za mwisho anaweza kujifungua mtoto mlegevu, asiyenyonya vizuri. Na kijana wa bodaboda aliyemeza jana saa nne usiku, akapakia abiria saa kumi na mbili asubuhi kuelekea daraja la Magufuli, anaendesha huku sehemu ya akili yake bado imelala.

Wala tusidhani kwamba dawa mpya zimelimaliza tatizo. Zolpidemu ilisifiwa kuwa nyepesi, inayotoka mwilini mapema. Mwaka 2013 Marekani ikapunguza kwa nusu kipimo cha kuanzia kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuonekana kwamba kwa wengi wao asubuhi ilikuwa bado mwilini kwa kiasi cha kuhatarisha uendeshaji wa gari. Mwaka 2019 likaja onyo jingine: wapo waliotembea, hata kuendesha gari, wakiwa usingizini, na wengine walikufa.

Naomba pia nitaje watoto, kwa upole, maana wanaofanya hivi ni mama zetu na dada zetu. Wapo wanaompa mtoto piritoni au prometazini ili alale, wao wapate kupalilia. Prometazini haifai kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua. Mama akija dirishani kuomba dawa ya mafua ya mtoto, tafadhali muulize kama kweli mtoto ana mafua.

Sasa najua mtakachoniambia. Mtaniambia mteja akikosa kwangu ataenda duka la pili. Mtaniambia anakuja analia, ana siku nne hajalala, utamfukuzaje? Mtaniambia kodi ya pango haisubiri cheti. Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu barua hii sikumwandikia mmoja wenu. Mmoja akikataa peke yake anapoteza mteja. Mkikubaliana wote, mnaokoa mtu.

Na hamuanzii sifuri. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulipoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha ukaja hadi Morogoro, nia ilikuwa ni kuondoka kwenye duka la dawa baridi ambako yeyote aliuza chochote, na kumweka dirishani mtu aliyefunzwa, mwenye orodha ya dawa anazoruhusiwa. Nyuma yenu lipo Baraza la Famasi, ipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa isiyo kwenye orodha ya duka lako usiiuze, na yenye kuhitaji cheti iuzwe na famasi kwa cheti. Huo ndio msingi, na mnaujua kuliko mimi. Mimi naomba mambo manne ya kuujengea juu.

La kwanza, ulizeni. Maswali matatu yanatosha: umeitumia kwa muda gani, unatumia dawa gani nyingine, unakunywa pombe? Mama yangu angeulizwa la kwanza tu, mwezi wa pili, haya yote yasingetokea. Na mkipata nafasi, ulizeni la nne: kwa nini hulali? Huenda mtu anameza kidonge cha kupunguza maji mwilini jioni, kinamwamsha kukojoa usiku kucha, na dawa yake ni kukihamishia asubuhi kwa ushauri wa kliniki. Huenda anatumia dawa za kufubaza virusi zenye dolutegraviri, ambayo baadhi ya watu huwanyima usingizi, nao wakishauriwa kuimeza asubuhi hupata nafuu. Huenda sukari imepanda, au kifua kinambana, au ana huzuni nzito inayomwamsha saa tisa za usiku ikimwambia maisha hayana maana. Huyo wa mwisho asiondoke dirishani na vidonge vingi mkononi. Mshikeni kwa maneno, mwiteni ndugu yake, afike hospitali siku hiyohiyo.

La pili, mkasi. Mkikata pakiti, jina na tarehe vinabaki dukani, mgonjwa anaondoka na kitu kisicho na baba wala mama. Tieni dawa kwenye bahasha, andikeni jina la dawa, nguvu yake, jina la mgonjwa, kiasi cha kumeza na siku ya kumaliza. Kalamu moja inaandika bahasha nyingi.

La tatu, semeni. Wengi wetu hatusomi karatasi iliyomo ndani ya boksi, na hata tukisoma imeandikwa kwa lugha ya mbali. Sauti yenu ndiyo karatasi yetu. Semeni: usinywe pombe, usiendeshe kesho asubuhi, usimpe mwenzako, weka mbali na watoto, usiongeze, usiache ghafla. Na kwa huku Lumemo ongezeni jambo moja ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha dawa: wakati wa masika, mweleze mtu wa nyumbani kwamba umemeza dawa ya usingizi, ili mto ukipanda ajue kuna mtu wa kubebwa.

La nne, msiwafukuze waliokwisha kuzoea. Wapo, na wanaona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingine anayaficha kwa sababu aliyemwambia alimcheka. Mkimnyima ghafla mtafanya nilichofanya mimi. Mwelekezeni kwa daktari, ampunguzie dozi kidogo kidogo, wiki kwa wiki.

Kwako Mganga Mkuu, ombi langu ni fupi. Ukiwaambia wauza dawa wawapeleke watu hawa hospitali, hakikisha wakifika wanapokelewa. Pawe na siku na chumba kinachojulikana cha mtu anayetaka kupunguza dawa za usingizi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuuliza juu ya vidonge hivi wanapotembelea kaya zenye wazee na zenye msiba. Na pawe na mahali pa kurudisha dawa zilizobaki, zisikae kwenye foronya wala kutupwa chooni.

Na kwa jirani anayesoma barua hii: ukimkuta mtu aliyemeza dawa haamki, usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi, na usimtapishe. Mlaze ubavu, hakikisha anapumua, mkimbize hospitali, na ile pakiti uende nayo. Kwa asiyepata usingizi wa kawaida, msiwe wepesi wa kusema "Kuna kidonge." Aamke saa ileile kila siku, apunguze usingizi wa mchana, aache chai ya rangi na kahawa kuanzia alasiri, simu ikae mbali na kitanda. Akigeukageuka muda mrefu bila kupata usingizi, anyanyuke akae hadi aupate. Kwa waliokosa usingizi kwa miezi, mafunzo ya namna hii, yakisimamiwa na mtaalamu, ndiyo madaktari wanayoyapendekeza kwanza kabla ya kidonge.

Ndugu zangu wauza dawa, bonde letu limewahi kuifundisha dunia namna ya kulala salama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, vikiuzwa kwa jina la Zuia Mbu, na utafiti ukaonyesha kwamba watoto waliolala chini yake walikufa wachache zaidi. Vyandarua vile havikufika vitandani kwa ndege. Miongoni mwa waliovifikisha walikuwa wenye maduka wa vijijini, watu kama ninyi, waliouza na wakaeleza namna ya kutumia. Maelezo yale ndiyo yaliyogeuza kitambaa kuwa kinga.

Mama yangu yuko hai. Daktari alimrudishia dozi, kisha akaishusha kwa miezi mitano, robo kwa robo, hadi ikaisha. Bado kuna usiku anakesha, anakaa mlangoni anamkumbuka mzee wake. Lakini maji yakija sasa atayasikia.

Masika hayako mbali. Kesho asubuhi atakuja mtu dirishani kwenu, macho mekundu, aseme, "Dokta, naomba zile za usingizi." Kabla hujashika mkasi, muulize.

Wenu katika ujirani,
Mkulima wa Lumemo